Paka wa Juu na Chini

Wakili wa mtaa wetu anaitwa Inategemea, na jina hilo amelitolea jasho. Ukimuuliza habari za asubuhi, hurekebisha kwanza tai, akawaza, ndipo akujibu: "Inategemea."

Kila wiki aliandika makala kwenye jarida la wanasheria, juu ya mambo ambayo sheria haijayakata. Picha zilizomo kwenye simu ya marehemu ni urithi wa nani? Abiria aliyesinzia akapitishwa kituo, alipe nauli ya wapi? Makala ilikuwa na upande huu, upande ule, kisha: tusubiri mahakama. Mahakama nayo, kwa jinsi ninavyoifahamu, ilikuwa inamsubiri yeye.

Chini ya ofisi yake palikuwa na duka la fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Wawili hao walikuwa na paka mmoja wa kijivu kwa pamoja. Alikula chini kwa fundi, akalala juu kwa wakili, kwenye majalada ya kesi za mashamba. Kwa miaka mingi wawili hao walipanda na kushuka ngazi wakisingizia kumtafuta paka. Mtaa mzima ulijua. Paka mwenyewe alijua.

Asubuhi moja fundi akapanda.

"Wakili, nahama. Nimepata chumba kikubwa mtaa wa pili. Paka naondoka naye."

"Kwa haki ipi?"

"Nani anamlisha?"

"Lakini malazi yake ni hapa! Swali hili, mama, halijaamuliwa popote."

Fundi akamtazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Nakwambia nahama, wewe unaulizia paka?"

Mwanamume mwingine angepiga magoti. Huyu akaandika makala, "Lishe Dhidi ya Malazi", akamshushia fundi nakala kwa heshima zote.

Siku ya fundi kuhama, makala ikarudi kwa wakili ikiwa imekatwakatwa. Dada yake mkubwa, aliyekuja kumjulia hali, akamkuta ameshika kipande, macho yamemtoka.

"Kaharibu kazi yangu, dada!"

"Kaharibu nini, we zuzu? Hiyo ni karatasi ya kukatia kola." Akamzungushia shingoni. Ikamkaa sawasawa. "Shingo yako kaipima lini?"

"Hajawahi kunipima."

"Basi kakupima kwa macho, miaka yote hiyo! Shuka, kabla sijakusukuma!"

Akashuka mbio, kola ya karatasi shingoni. Fundi alikuwa anapakia cherehani kwenye mkokoteni, paka keshakaa juu ya mizigo.

"Nina hoja!"

"Ina pande ngapi?"

"Mmoja." Akarekebisha kola ya karatasi. "Nataka kukuoa."

Wakili, kwa mazoea, akaendelea: "Ingawa kuhusu mali iliyopatikana kabla ya ndoa, kwa upande mwingine..."

"Wee!" dada akafoka kutoka dirishani.

Fundi alicheka hadi akashika gurudumu. "Nimekubali. Sasa nyamaza, shika cherehani huku."

Wakaoana, meza ya wakili ikahamia kwenye chumba kikubwa. Haujapita muda paka akazaa: chini ya meza ya wakili, juu ya kitambaa cha fundi.

Wakili akachukua kalamu, uso unang'aa: watoto wa paka ni wa nani? Fundi akachukua mkasi. Shati la mumewe, lenye kola ile, lilikuwa bado halina mikono, na makala mpya ingetosha kukatia.