Ahadi ya Saa Moja Asubuhi

Siku yangu ya kwanza katika baraza la mkoa nilichelewesha kikao. Niliingia ukumbini na koti jipya na kitambulisho shingoni, nikakuta watu wameketi kimya, kila mmoja na makaratasi yake, nami binti wa Uvira nikafanya nilichofunzwa nyumbani: nikaanza kusalimia. Nilipita mstari wa kwanza nikimpa kila mtu mkono, nikataja jina langu, nikauliza jina lake na habari za kwake. Nikapita wa pili, nikapita wa tatu. Nilipofika upande wa wapinzani wetu, mwenyekiti alikuwa ameshikilia nyundo yake ya mbao hewani, hajui aigonge au asubiri. Akasubiri. Sikujua kwamba Msweden huingia, hutikisa kichwa kidogo, huketi, basi. Kiongozi wa kundi letu alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Espérance," aliniambia wakati wa kahawa, maana kule kila mtu huitwa kwa jina la kwanza, hata waziri, "wale uliowauliza habari za watoto wao ni wapinzani wetu."

"Na wamenijibu vizuri," nikasema.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoniuliza nilifikaje pale. Sikufika kwa kusomea. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi, nikihudumia wazee majumbani kwao katika kitongoji chetu cha Akalla, na jioni nikiimba kwaya. Tawi la chama lilikutana chumba cha jirani na chetu, na wao walikuwa na kahawa. Nilianza kwa kahawa, nikaishia kwenye orodha ya wagombea, karibu na mkiani. Huko mpiga kura huchagua orodha ya chama, lakini akipenda anaweza kuweka alama mbele ya jina moja tu. Watu wa kanisa letu waliweka alama zao kwangu, Wakongo na Warundi, na pia Waganda wa msikitini ambao niliwauguzia wazazi, na alama zile zikanipandisha juu ya mabwana wawili waliokuwa wamenitangulia. Kwa hiyo tangu mwanzo nilijua nimebebwa na mabega ya nani.

Kazi yenyewe haina fahari mnayoidhani. Wajumbe wengi wana ajira zao, siasa ni ya saa za ziada. Makaratasi yalikuja kwa bahasha nene kama godoro la mtoto, nami nikayasoma kwenye treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu, kutoka Akalla hadi mjini. Nilianza kama mbadala katika kamati ya afya. Mbadala ni mjumbe wa akiba: anahudhuria, anasikiliza, ila hapigi kura mpaka mjumbe kamili akosekane. Mwenyekiti wa kamati ile, mama mmoja mzee mwenye sauti ya chini, ndiye mwalimu wangu wa kwanza. "Usiseme kila unachokijua," aliniambia. "Sema lile ambalo ukinyamaza hakuna atakayelisema." Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, somo hilo lilikuwa gumu kuliko Kisweden.

Mwaka wa tatu, kiongozi wa kundi akanipa kazi ambayo wengine waliikwepa. Kule kuna desturi inaitwa *kvittning*. Mjumbe wa upande mmoja akishindwa kufika kwa sababu ya msingi, na mbadala wake naye hapatikani, upande wa pili humtoa mjumbe wao mmoja asipige kura, ili ugonjwa wa mtu usigeuke ushindi wa mwingine. Haimo katika sheria yoyote. Haiandikwi, haisainiwi, na jina likishatajwa halibadilishwi. Kila kundi lina mtu mmoja wa kupiga na kupokea simu hizo.

"Kwa nini mimi?" niliuliza.

"Kwa sababu wewe peke yako unayajua majina yao wote," akasema. Kumbe zile salamu zangu hazikupotea.

Mwenzangu wa upande wa pili aliitwa Lennart, mwalimu mstaafu wa hisabati, mkavu kama mkate wao mgumu. Simu yake haikupita dakika moja. Alitaja jina la asiyefika, nami nikataja la atakayetoka, kisha akasema, *då säger vi så*, basi tunasema hivyo, akakata. Maneno hayo ndiyo yalikuwa muhuri wetu. Kwa miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kuuvunja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Akalla tulikuwa na kliniki ndogo ya wakunga, ya kupima wajawazito. Mkunga mmoja, Mfini, alikuwa amejifunza kusema "pole mama" na "usiogope", na alizisema kwa lafudhi iliyowachekesha wanawake hata wakasahau hofu. Ikaja hoja ya kuifunga na kuihamishia kazi yake mbali, mabasi mawili na mwendo wa miguu. Upande uliotawala ulitaka hivyo, nao ulituzidi kwa mtu mmoja tu. Nilizunguka na kupinga kwa miezi. Aliyekuwa nami kila hatua ni Mama Neema, jirani yangu kutoka Bukavu, msafishaji wa uwanja wa ndege, ambaye mkwe wake alikuwa na mimba ya miezi sita.

Siku ya kura ilianguka theluji ya kutisha. Saa moja asubuhi simu ikalia. Lennart.

"Elin wa Märsta amepelekwa hospitali. Uchungu umemwanza kabla ya wakati. Mbadala wake pia anakaa Märsta na treni zimesimama."

Nilimjua Elin, mjumbe wao mdogo kuliko wote, aliyekuwa na desturi ya kuninong'oneza habari za mimba yake kwenye foleni ya kahawa. Nikasema nitatoka mimi mwenyewe. Sikuona hasara yoyote. Hata bila Elin tungetoka sare, na kura zikiwa sare ya mwenyekiti ndiyo huamua, naye alikuwa wao. Tulikuwa tumeshashindwa tayari. *Då säger vi så*, akasema, akakata.

Nilipofika ukumbini, roshani ya wageni ilikuwa imejaa vitenge. Mama Neema alikuwa amewaleta wanawake zaidi ya ishirini katikati ya theluji ile, mkwe wake amekaa mbele na tumbo lake. Walinipungia mikono. Nikapunga.

Mjadala ulikwenda kama tulivyotarajia, mpaka aliposimama daktari mmoja wa upande unaotawala. Alisoma sentensi tatu tu. Alisema dhamiri yake haimruhusu kuifunga kliniki ile, ila hawezi kulipinga kundi lake, hivyo atabonyeza kitufe cha njano, cha kutopiga upande wowote.

Kura moja ilikuwa imewatoka. Nikibaki nikapiga kura, tunashinda kwa kura moja. Nikitoka, ni sare, na mwenyekiti anaifunga.

Kiongozi wa kundi aliniita ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua.

"Hakuna lililoandikwa," alisema. "Ni desturi tu, Espérance. Sitakuamuru. Lakini watazame walioko juu."

"Nimeshawatazama."

"Basi?"

Nawaambieni ukweli, nilitaka kubaki. Nilitaka sana. Nilijiambia kwamba Lennart angefanya vivyo hivyo, nikajua ni uongo. Nilijiambia kwamba kliniki ni kubwa kuliko simu ya dakika moja. Kisha nikamwona akilini Elin kitandani. Ningemnyang'anya kura mwanamke aliye kwenye uchungu, ili niokoe mahali pa kuwatunza wanawake wenye mimba? Nikashindwa kuipanga sentensi hiyo ikakaa vizuri katika lugha yoyote ninayoijua.

"Nilimpa Lennart neno langu," nikasema.

Kengele ya kura ilipolia nikainuka, nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Nilisikia nyundo. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuliandika.

Mama Neema, ambaye kama watu wote wa kwetu huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, alinikuta chini penye makoti.

"Batu bote balikuona unatoka, Mama Riziki. Bote! Juu ya nini?"

Nikamweleza: simu, Elin, desturi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"*Donc*, basi, mwana wa ule ni mwana, na wa kwetu hapana?"

Akafunga skafu yake, akawakusanya wenzake, wakaenda zao.

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza tena. Wengine walielewa, wengine wakasema nimenunuliwa. Lililoniuma zaidi ni kwamba Mama Neema alihama safu yetu ya sauti ya pili kwayani akaenda kuimba ya kwanza, sauti asiyoiweza, ili tu asisimame karibu nami. Tulikaa hivyo karibu miaka miwili. Mkwe wake alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini alipanda mabasi yale mawili kila mara, na kila mara nilijua.

Elin alirudi baada ya likizo ya uzazi. Alinishika mkono kwenye foleni ya kahawa.

"Lennart ameniambia. Sina la kukulipa."

"Usinilipe. Njoo Akalla uone."

Akaja, na kigari cha mtoto. Alipanda mabasi mawili pamoja nasi, akatembea ule mwendo. Kisha akaanza kuwasumbua watu wa chama chake, ndani kwa ndani, nao ndio waliokuwa na uwezo. Baada ya uchaguzi uliofuata kliniki ilirudi. Si ileile, vyumba viwili juu ya duka la vyakula, siku tatu kwa wiki. Mfini wetu akarudi nayo na "pole mama" yake. Wiki ile Mama Neema alinigongea mlango na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, majani aliyoyafuata hadi Skärholmen, upande wa pili wa mji. Hatukuongea habari za zamani. Tulikula.

Baadaye nilikwenda Bungeni, kama mbadala wa mbunge aliyechukua likizo ndefu. Nilikaa mwaka mmoja na miezi kadhaa, katika kamati ya mambo ya jamii. Katibu wa kamati alinisahihishia hoja zangu kwa penseli, kwa upole, kama anayechambua mchele. Nilitoa hotuba tisa, na wanangu waliitazama moja. "*Bra, mamma*," walisema, vizuri mama, wakarudi kwenye simu zao. Huko pia nilisalimia kila mstari siku ya kwanza. Safari hii nilifika nusu saa mapema.

Nilistaafu na maua, na bakuli la kioo ambalo sasa lina vitunguu. Nimeridhika. Nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, na hiyo ndiyo kazi. Anayetaka kushinda kila siku acheze karata na wajukuu. Lakini wapo wanaonisalimu barabarani Akalla, na wapo wa upande wa pili wanaonipigia siku ya kuzaliwa kwangu. Lennart hupiga. Dakika moja.

Kiti changu barazani alikipata Mama Neema. Ndiyo, yeye. Alisema aliingia chama ili anichunge, kisha akanogewa. Majuzi alinipigia asubuhi, sauti iko juu.

"Mama Riziki, leo njo hoja yangu, ile ya wakalimani wa hospitali. Ya kwanza yangu! Na sasa wa ule upande wamepiga simu. Mutu wao mmoja, bibi yake iko mahututi, yeye iko pembeni ya kitanda. Mbadala hapatikane. Wanaomba nitoke mimi."

"Na kura zimekaaje?"

"Nikibakia, tunashinda na kura moja tu, mama. Moja!"

Tulijua sote wawili tumesimama wapi: chini, penye makoti.

"Ule mutu iko angali anangojea kwa simu ingine," akasema polepole. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, akaisogeza pembeni simu aliyoongea nami, na kwa Kisweden chake cha uwanja wa ndege akamwambia yule mtu:

"*Då säger vi så.*"