Gauni Nililopimiwa Mimi

Harufu ya gundi inayoyeyuka chini ya pasi ya mkaa hunirudisha Machame, nitake nisitake. Hunikata hata hamu ya kula, na wanangu wamezoea kunicheka.

Mama alikuwa fundi cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nasubiri kipaimara, na mama alipoanza kushona gauni jeupe la kola ya kusimama, akinipima mimi kila jioni, nilijua ni langu. Nani mwingine pale nyumbani angekuwa na kiuno kile? Sikuuliza, nisije nikaharibu bahati yangu.

Siku ya kulijaribisha ukungu ulishuka mpaka mlangoni, migomba ikawa haionekani. Mama mdogo Aika, mdogo wake mama, aliyeletwa kwetu akiwa mgonjwa, alilala kitandani, shuka limemfika kidevuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida. Nikavaa. Ndani ya kola mama alikuwa amebandika kile kitambaa kigumu cha gundi, cha mashati ya wanaume, na shingo yangu ikasimama kama ya mchungaji.

"Umependeza," alisema mama mdogo. "Sasa lala chali, mama. Hapa, pembeni yangu."

Nilicheka, yeye na mama hawakucheka. Nikalala. Akanipangia mikono juu ya kifua kwa vidole vyake vya baridi sana. Niliogopa, wala sikujua naogopa nini. Kola ikapanda, ikanisukuma kidevu juu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akashika koo. Si langu, lake.

"Dada, inanikaba."

Mama alizitoa pini mdomoni. Alimletea vipande vingine vya kitambaa cha gundi. Mama mdogo akavifikicha kimoja kimoja, akavipitisha shingoni mwake, akachagua chepesi kuliko vyote, kile kinachopitisha mwanga. Mama akaifumua kola palepale, akakata nyingine.

Wiki mbili baadaye, wakati wa kuaga mwili, nililiona gauni langu ndani ya jeneza. Ugonjwa ulikuwa umemwacha mama mdogo na mwili wa mtoto, na lilimkaa barabara. Kola ililala vizuri, kidevu kimetulia. Nililia kwa hasira, nalililia gauni, na akina mama wakanisifu jinsi nilivyompenda marehemu. Bado naona aibu.

Leo nami ni fundi. Wateja wangu nawaonya wasidanganyike na kitambaa chepesi cha gundi: ni kitamu mkononi, lakini kikifuliwa mara mbili gundi huachia na kola yote hukunjamana. Mama alinifundisha hivyo, tena kwa ukali, na kwa miaka mingi nilishangaa kwamba siku ile hakubishana hata kidogo. Angebishana nini? Gauni lile halikuwa la kufuliwa.