Nilivyopimwa na mama mkwe nikiwa chini ya beseni la Mjerumani

Wakuu, habari za jioni. Atakayesema hii ni chai apande Uluguru akaulize mwenyewe, bado wananicheka.

Enzi hizi za Mjerumani kijana mwenye hasira hadumu kazini. Mimi nilishaacha kazi tatu za upagazi. Msimamizi akinitukana tu, natupa mzigo, namrudishia lake, naingia porini.

Shida ni kwamba nilikuwa namposa Mwanaidi. Kwetu Waluguru unaanza kwa kulima shamba la ukweni, unapimwa, halafu mjomba wa binti ndiye anaamua. Mjomba akaniambia wazi: "Ukitupa na mzigo huu, usirudi hapa."

Mzigo wenyewe, beseni la kuogea la bati, la bwana mmoja wa shamba la kahawa huko juu. Mtu mzima analala ndani. Nikaligeuza, nikajitwika juu ya ngata ya majani kichwani.

Ukiwa chini ya beseni, wakuu, unaona miguu yako tu.

Tulipopita Kilakala nikaanza kulaani. Mpagazi mwenzangu, Mkude, akaniambia, "Wewe, kilele kiache. Vuta pumzi, kanyaga. Toa pumzi, kanyaga. Basi."

Nilimdharau. Lakini jua lilinitia adabu, nikajaribu. Hasira ikija naiona inapita zake, kama kuku anayekatiza uani. Stress ikapungua kweli!

Tatizo, nili-focus mno. Wenzangu wakakata kushoto kwenda shambani, mimi nikanyoosha njia ya mashamba ya ukweni, vuta, kanyaga, mpaka nikamgonga mtu.

Chini ya ukingo nikaona miguu. Naijua ile miguu. Mama mkwe!

Mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia kichakani. Sasa mimi na beseni lile, kichaka gani kingenipokea? Nikasimama.

Naye alishanijua kwa miguu, akagundua kabla yangu kwamba hanioni usoni wala simwoni, mwiko haujavunjwa. Akayamwaga ya mwaka mzima, akigonga bati kwa mpini wa jembe.

"Jembe unalishika kama umeokota nyoka! Na huo mdomo! Mwanangu atakula matusi yako?"

Humo ndani kila neno lilisikika mara mbili. Hilo la matusi liliniuma, maana ni kweli. Shingo inawaka, mikono inataka kutupa. Nikavuta pumzi. Nikatoa. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Alipomaliza nikasema, "Nimekusikia, mama. Ni kweli."

Kisha akamwita kaka yake aliyekuwa akilima jirani, yule yule mjomba: "Lumbu, njoo! Kumbe huyu anaweza kuambiwa!"

Mjomba akalizunguka beseni taratibu. "Tukishavuna, lete wazee wako."

Nilichojifunza: kufuata pumzi hakukupunguza uzito wa bati hata chembe. Kulinipa tu muda wa kusikia neno la kweli kabla sijalikimbia.

Wenye wakwe wakali, ninyi mnahimili vipi? Andikeni, ila kwa adabu. Mama mkwe amekaa nyuma ya ukuta, anataka asomewe majibu yote.