Kaka Ignasi Anakodi Boti

Kaka yangu Ignasi alipostaafu kazi ya kutunza ghala la mahindi hapa Sumbawanga, alitangaza kwenye chakula cha Jumapili kwamba atakodi boti. Siyo kupanda boti kama abiria wengine. Kukodi, boti nzima na nahodha wake, itutembeze visiwa vya Kipili kimoja baada ya kingine kwa siku tatu, tukianzia kile wanachokaa wakwe zake. Wifi yangu Rosina alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Aliuweka chini, akanitazama, akauchukua tena.

Hapo inabidi nimseme kaka yangu, na mimi Edith kumsema siogopi, tumenyonya ziwa moja. Rosina ni mtoto wa kisiwani. Harusi yao ilifungwa huku kwetu juu, miaka thelathini na moja iliyopita, wakwe wakapanda na matenga ya migebuka mikavu, samaki wa ziwa lao, tukala wiki nzima. Tangu siku hiyo Ignasi hajakanyaga ukweni. Siyo kwa msiba, siyo kwa ubatizo, siyo kwa Krismasi. Mbeya amefika, Dar es Salaam amefika mara mbili, lakini kwa mama mkwe wake hajawahi kula hata tonge moja, na huo kwetu si uungwana hata kidogo.

Rosina alikwenda peke yake, au na watoto walipokuwa wadogo, na kila akienda aliulizwa mumeo yuko wapi. Sasa mama yake, Bibi Hellena, ametimiza miaka themanini na saba na magoti yamegoma. Alituma neno kwa simu kwamba anataka kumpakulia mkwe wake chakula kwa mkono wake mwenyewe, nyumbani kwake, kabla hajafunga macho. Basi, hicho tu.

Sababu ya Ignasi kutokwenda tuliijua ukoo mzima. Anaogopa maji. Sisi ni watu wa ulezi na mahindi, maji tunayoyajua ni ya ndoo. Lakini yeye hakukubali kamwe. Alisema yuko kwenye mavuno, yuko kwenye ukaguzi wa ghala, mgongo unamsumbua. Kustaafu kukamnyang'anya visingizio vyote, ndipo akagundua kupanga. Alianza kupanga mwezi wa tatu. Mwezi wa nane alikuwa bado anapanga.

Nahodha aliyempata anaitwa Yusto, wa Kipili, mtu mvumilivu kuliko punda. Ignasi alimpigia kila jioni, simu ikiwa wazi ili sote tusikie jinsi jambo linavyokwenda kitaalamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yusto, hebu niambie. Mkiwa katikati ya ziwa, injini ikichemka, mnapaki wapi?"

"Hatupaki, mzee. Tunaelea."

"Na upepo ukizidi? Si mnasogea pembeni kwanza?"

"Pembeni ipi, mzee? Pembeni ni Kongo."

Ignasi aliandika hilo kwenye daftari lake, "Pembeni: Kongo," akapigia mstari. Usiku huo hakula vizuri.

Kisha likaja suala la uzito. Miaka yote ile kaka yangu alipakia malori, na anajua lori linavyopinduka, likizidi upande mmoja limekwisha. Akaamua boti haitatoka Kipili mpaka ajue uzito wa kila abiria kwa kilo. Basi akatuita watu wanane wa familia pale ghalani alikokuwa akifanya kazi, tupande kwenye mizani ya magunia. Ndiyo, ile ile ya magunia, uwanjani, siku ya gulio, wakulima wamepanga foleni na mahindi yao.

Msoma mizani alikuwa Timoth, aliyerithi kazi ya Ignasi. Timoth hajui kusoma mizani kwa sauti ndogo. Ni mazoea ya kazi, lazima mwenye mzigo asikie na wa nyuma yake asikie, pasije pakatokea ugomvi. Nikapanda.

"Tisini na nne!" Timoth akapaza sauti. "Toa moja ya gunia! Tisini na tatu!"

Gunia lenyewe kilikuwa kitenge changu cha Pasaka. Mkulima mmoja akauliza mzigo huo ni wa daraja gani. Nilishuka pale nikiwa na hasira ya kupiga mtu, na mpaka leo nikipita sokoni wauza nyanya wananiita Mama Tisini na Tatu. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo hapa siyaandiki. Yeye alikuwa anachora. Kwenye lori mizigo mizito hukaa chini na myepesi hukaa juu, na ndivyo alivyotuchora. Rosina akamuuliza kwa upole nani hasa atamkalia nani. Ikabidi aanze ukurasa mpya.

Hatimaye uongo wa kupanga nao ukaisha, maana kila kitu kilikuwa kimepangwa. Tukapanda basi mpaka Namanyere, tukaunga mpaka Kipili, tukiwa na masweta ya baridi ya Sumbawanga kule kwenye joto la ziwani, unga wa ulezi debe mbili, kuku wanne, na majaketi ya kuokolea mapya ambayo Ignasi aliyakagua mshono kwa mshono. Rosina alikuwa amesuka. Njia nzima aliimba kwa sauti ya chini, na mimi nilifurahi kwa ajili yake mpaka nikasahau kilo zangu.

Asubuhi Yusto alisimama mbele ya boti na karatasi ya Ignasi, akaanza kutuita mmoja mmoja kwa jina, uzito na nafasi. "Rosina, sabini na moja, katikati kushoto." Rosina akapanda. "Edith, tisini na tatu, katikati kabisa, asisogee." Nikapanda. Akaita mpaka wa nane, akageuza karatasi, nyuma hamna kitu.

"Mzee, wewe sikuoni hapa. Una kilo ngapi?"

Ignasi alikuwa amesimama mbali na maji kiasi cha hatua ishirini. "Mimi ni msimamizi," akasema. "Lazima mtu mmoja abaki nchi kavu. Kukitokea lolote, nani atapiga simu?"

Tuligeuka wote kumtazama Rosina. Aliinuka, akashuka ndani ya maji yaliyofika magotini, akatembea mpaka kwa mumewe, nguo zikichuruzika.

"Nimewaambia unaumwa mgongo," akasema. "Nimewaambia umeitwa ofisini. Nimewaambia unavuna, na ilikuwa mwezi wa kwanza, mahindi yako kimo cha goti. Mwaka juzi nilisema umefiwa. Nani amekufa, sikusema, maana sikuwa na mtu wa kumuua. Ignasi, mimi nimeishiwa. Leo nikifika peke yangu nitamwambia mama ukweli, kwamba yuko ng'ambo hapo, anatuona, amekataa."

Kaka yangu alifungua mdomo na nikajua anatafuta kisingizio kingine.

"Naogopa, Rosina," akasema. "Naogopa vibaya sana."

"Najua. Sikuolewa na wewe kwa sababu unajua kuogelea. Panda."

Akapanda. Ninasema akapanda, lakini ukweli alipakiwa. Yusto alishika mabega, mimi nikashika miguu, kilo zangu zikafaa kitu. Ile ramani ya nafasi za kukaa hakuna aliyeikumbuka. Ignasi alilala kifudifudi juu ya unga wa ulezi, kaziba masikio, akasali sala zote anazozijua, na alipozimaliza akaanza kuzitaja wilaya za mkoa wa Rukwa. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Kuku walituangalia kwa mshangao.

Kisiwani Bibi Hellena alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Ignasi alitembea kwenda kwake kwa kuyumba, unga usoni na kifuani, akapiga magoti. "Shikamoo mama." Bibi alimshika kidevu, akamgeuza uso kulia, akaugeuza kushoto. Kisha akaagiza chakula, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe, ugali na samaki kuhe wa mchuzi, akakaa kumwangalia anavyokula. Ignasi alikuwa bado anayumba kama yumo botini, lakini alikula mpaka akafuta sahani.

Ndipo bibi akasema, "Kumbe upo."

"Nipo, mama."

"Mimi nilijua ulimwacha mwanangu zamani. Nikasema anaona aibu kusema, ndiyo maana kila akija ana hadithi mpya. Leo mgongo, kesho mavuno. Nikakuita uje ule hapa, nijue moja kabla sijafa."

"Lakini mama, watoto walikuwa wanakuambia baba yupo," Rosina akasema.

"Nilijua umewafundisha."

"Na kwenye simu uliongea naye!"

"Sauti ya mwanamume, mwanangu, unaweza kuazima kwa jirani yeyote." Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka yote hiyo nasali rozari kila siku kwa ajili ya binti yangu aliyeachwa. Nilikuwa nakufungia samaki wengi ili ukafike nao huko ukale na wanao, maana nilijua hamna wa kuwatafutia."

Rosina alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akashindwa kuchagua. Mimi nililia moja kwa moja. Ignasi alisogea akakaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe wake, akainamisha kichwa, na yule bibi akaanza kumkung'uta unga begani.

Mchana Yusto akaja kusema upepo ni mzuri, wakati wa kisiwa cha pili umefika. Ignasi alimwambia awapeleke wanaotaka kutembea, yeye bado anaongea na mama. Yusto alinivuta pembeni akaniuliza kama mzee ni maji tena yanamtisha. Nilimtazama kaka yangu akichambua dagaa na yule bibi kwenye ungo mmoja, akisahihishwa kila mara na kukubali, nikamjibu kwamba sijui, na kwamba asimuulize.