Maji Niliyompelekea Mama Mkwe

Nakumbuka salongo moja, mwanangu, ya siku zile nilipokuwa na mabega mapana na kichwa chepesi. Salongo unaijua: Jumamosi kartiye nzima, mtaa wote, inatoka na majembe, inafagia, inazibua mifereji, halafu kila mtu anarudi kwake na matope miguuni. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekaribia, na kijito chetu, Kamulonga, kilikuwa kimejaa matete, mchanga na mifuko ya plastiki, hata bata walikivuka kwa miguu.

Wakatafuta mtu wa kuongoza vijana. Wakanichagua mimi, na usishangae. Mimi ninayekuambia haya, mwenye malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa na nyumba ya ghorofa ambayo ukiuliza njiani unaonyeshwa, shule niliiacha kabla haijanizoea. Lakini kwa kazi ya mikono hakuna aliyenishinda Lubumbashi hii. Wengine walisoma vitabu, mimi nilisoma jembe.

Tena nilikuwa na sababu yangu. Nilimtaka Nyota, binti wa Mama Feza, muuza bitoyo, wale samaki wa chumvi, ambaye nyumba yake ilikuwa kule chini Kamulonga inakopita mwisho. Wajomba zangu walikwisha kupeleka neno la posa. Mama Feza hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Mungoje kwanza. Niangalie ile kijana." Basi salongo ile kwangu ilikuwa ndiyo kuangaliwa.

Nikaanzia juu. Kwa nini juu? Kwa sababu maji yanaanzia juu! Mpaka leo hoja ile naiona nzuri, na ndiyo maana inanichanganya. Tukang'oa matete pande zote mbili, tukatoa matope, tukayarundika ukingoni. Palikuwa na mpindo mmoja, kijito kinazunguka pale bila sababu kama mlevi anayetafuta kwake, nikaukata, nikakinyoosha. Mchana maji yakawa yanakimbia. Watu wa juu wakapiga makofi. "Ile kijana iko na nguvu!" Mama mmoja akanipakulia bukari, ule ugali wetu, nikala nimesimama kama mkubwa wa kazi. Chini hatukufika. Tukasema tutamalizia Jumamosi nyingine.

Mvua haijui Jumamosi, mwanangu. Ilinyesha kabla, mchana kweupe. Maji yakashuka mbio katika njia niliyoyatengenezea, yakabeba marundo yetu yote ya ukingoni, yakafika pale tulipoachia, yakakuta pamefungwa. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hawakusema mkondo ukifungwa yanafuata mlango wa nani.

Yalifuata mlango wa Mama Feza.

Nami nilikuwa nashuka kwa furaha, nikaone kazi yangu inavyofanya kazi. Nikamkuta amepanda juu ya meza, kikapu kichwani. Bitoyo wengine, waliokufa zamani na kutiwa chumvi, walikuwa wanaogelea tena.

"Aa, mukwe alifika!" akasema. "Karibu, ikala. Kiti iko inapita pale, ikamate."

Majirani wakaangua kicheko. Papa Amisi, mshona nguo wa nyumba ya pili, akapaza sauti kutoka dirishani: "Mama Feza, umupatie tu Nyota! Kama hapana, atatuletea muto yote!"

"Mama, mimi nilisafisha," nikasema.

"Ulisafisha, njo maana mayi ilikuya mbio mpaka mu kitanda yangu. Uliuliza nani uku chini kama mayi inasimamaka wapi?"

Nikakamata kile kiti, naye akaendelea:

"Unapitaka hapa kila siku kwa kumuangalia Nyota. Mayi haukuiangalia hata siku moja."

Nilisimama ndani ya maji yale nikiwa sielewi. Juu walikuwa bado wananisifu saa ileile. Kazi moja, mikono ileile: kule baraka, huku aibu. Nikajitetea kwamba nguvu zangu hazikuwa na ubaya. Mama Feza akasema nguvu bila kuuliza ni mvua nyingine tu. "Ukitaka jibu yangu, shuka mpaka kule Kamulonga inaingiaka mu muto mukubwa. Anzia pale, upande na kazi. Na kila mulango, uulize."

Vijana wa juu niliwaita. "Kwetu kulishakauka, yaya," wakanijibu, yaya kwetu ni kaka mkubwa, wakaendelea na mpira wao. Nikaenda na watu wa chini. Na nikauliza, mwanangu, nikauliza mpaka kichwa kikavimba. Mama wa bustani ya mboga za lengalenga akasema matete msiyaguse, yanashika udongo. Papa Amisi akasema yakateni yote, ni nyumba ya mbu. Mmoja akalaumu mawe ya daraja, mwingine akalaumu wafyatua matofali na mchanga wao. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa anaujua mto wa mbele ya mlango wake, nami nikabaki na mito mingi kichwani.

Mwisho tukakata matete ya katikati, ya ukingoni tukayaacha. Taka tukazibeba mbali. Tukapanda hivyo, kipande kwa kipande, na ule mpindo wa juu nikaurudisha kwa mawe ili maji yapunguze mbio, watu wa juu wakiniita mwendawazimu. Mvua kubwa ikaja. Mama Feza alisimama mlangoni, mimi nimesimama nje nalowa, tunatazama. Maji yakapanda mpaka kwenye ngazi yake, yakakaa hapo, yakafikiri. Kisha yakashuka.

"Wajomba yako bakuye," akasema, yaani waje, akaingia ndani.

Nyota ni mke wangu mpaka leo. Lakini usidhani niliuelewa mto. Mwaka wa pili mchanga ulirudi, tukauliza upya, majibu yakawa mengine.

Sasa nasikia ninyi vijana mnataka kujenga ukuta upande wenu, Kamulonga isiwaguse tena. Labda ni vizuri. Labda mnampelekea mtu mafuriko. Mimi sijui, na mtu anayekuambia anajua yote, mwulize amekaa kwenye mlango gani. Nasaha yangu ni hii: kabla ya kuinua jembe, shuka ukaongee na wanaokaa chini yako, kazi ianzie kwao, ipande kwako. Taka ya mto usiiache ukingoni, mto utairudia. Na ulilojifunza mwaka huu mwambie jirani, hata kama ni nusu tu, maana naye ana nusu yake. Kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza nikapata mke.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua ya kukutosha, na jirani wa chini akitaja jina lako, alitaje akiwa kwenye nyumba kavu.