Sura Niliyoikataa

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa wanakwaya wa parokia ya Shituru.

Mtu fulani alikuwa akituma hadithi mbovu kwa jina langu. Nikajiunga na jumuiya inayotoa bure cheti cha usalama cha kidijitali, muhuri wa kwenye kompyuta unaoonyesha kwamba barua ni yangu kweli. Huko wanachama hukutana ana kwa ana, hukaguana kadi za utambulisho, kisha hutiliana saini. Nilibakiza saini moja tu, ya Papa Kalenga, mwalimu wa kwaya, naye alihitaji yangu.

Tulikutana uani kwa parokia, tukaweka kadi zetu za mpiga kura mezani. Mnazijua kadi hizo: jina hufutika, uso hubaki kama moshi. Nikaokota moja, nikaiinua juani kwa madaha ya hakimu.

"Papa, unisamehe. Huyu haiko weye."

"Unaona nini, mutoto?"

"Kijana wa macho ya uongo. Na hii masikio, sawa ya mutu anasikiliza mambo ya jirani. Huyu siwezi kumusainia."

Papa Kalenga aliyatazama masikio yangu kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza kadi iliyobaki mezani, na upara wake ukang'aa hata katika ule moshi.

"Ile iko carte yako," akasema taratibu, kisha akagusa ile ya upara. "Ya minye njo hii. Lakini usiogope. Weye unajikatala, minye nakujua. Leta bic niweke saini."