Mrija wa Stela

Mimi ni shangazi yake, kwa hiyo sioni haya kumsifu. Anayetaka habari za rubani zisizo na majivuno akamuulize mtu mwingine.

Stela ni binti wa kaka yangu Felisiani Nibitanga. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye mashamba ya tumbaku, akasoma sekondari hapa Tabora mjini akilala kwangu Cheyo na kumaliza sukari yangu, kisha akapata ufadhili wa kwenda Afrika Kusini kusomea urubani. Alipofuzu hakupewa hata nafasi ya kupumua. Kampuni moja ya ndege za kukodi ya Dar es Salaam ilimchukua moja kwa moja ikamweka kiti cha rubani msaidizi. Miaka minne ikapita tangu aondoke, hajakanyaga nyumbani. Na katika miaka hiyo yote kaka yangu hakuonja pombe.

Asiyemjua Felisiani hawezi kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Kaka yangu na mtungi walikuwa ndugu wa damu. Mtu akipika pombe kijiji cha tatu, Felisiani alikuwa anajua kabla ya jirani wa mpishi. Sasa huyo ndiye aliyeanza kwenda kwenye harusi za watu na kuomba soda.

Sababu ni mrija. Sisi ambao wazee wetu walitoka Burundi hatunywi impeke, yaani pombe ya mtama, kwa kikombe kama chai. Mtungi unawekwa katikati, watu wanauzunguka, kila mmoja na mrija wake. Nyumbani kwa kaka yangu kila mtu mzima ana mrija wake mwenyewe, na yote huchomekwa kwenye nyasi za paa la jiko, juu ya moshi, isiliwe na wadudu. Nyumba kubwa ina bati siku nyingi. Jiko amekataa katakata kuliezeka bati, kwa sababu bati halina pa kuchomeka mrija. Wifi yangu Esperansi amelalamika juu ya hilo paa mpaka amechoka.

Mtu wa nyumba ile akisafiri, mrija wake unabaki pale juu. Akirudi, baba mwenye nyumba anauchomoa, wanavuta wawili kwenye mtungi mmoja mbele ya watu, na hapo ndipo anahesabiwa kuwa amerudi. Kabla ya hapo ni mgeni tu, hata kama amelala kitandani kwake wiki nzima. Akifa, mrija wake unavunjwa na kutiwa motoni.

Upo mmoja ambao haujachomolewa wala haujavunjwa. Ni wa ndugu yetu Eliasi, aliyekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu tukiwa bado vijana. Hakurudi, na habari zake hazikurudi. Felisiani akiingia jikoni kuota moto anakaa akiupa mgongo mrija ule. Siku Stela alipoondoka, kaka yangu alichomeka mrija mpya wa binti yake upande wa pili kabisa wa paa, mbali na ule, akatuambia hatagusa pombe mpaka wavute pamoja. Nilimnong'oneza wifi yangu, "Mpe wiki moja." Nilimdharau bure.

Basi mwaka huu, msimu wa masoko ya tumbaku umepamba moto, Stela akanipigia simu. "Shangazi, Ijumaa ijayo tunaleta wanunuzi wa tumbaku Tabora. Naendesha mimi. Tutakaa mpaka Jumatatu." Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna mwizi. Nilipompa habari kaka yangu, hakuuliza ndege ni ya aina gani wala binti yake anaionaje kazi. Alisema tu, "Ijumaa? Basi mtama uloweshwe leo."

Ijumaa asubuhi nikawa uwanja wa ndege nimejifunga kitenge changu cha Pasaka. Kikaja kindege cheupe chenye mapangaboi mawili, kikashuka polepole kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Wakatoka wanunuzi, wanaume wenye mikoba na miwani, na nyuma yao akatoka Stela wangu, shati jeupe, mistari ya dhahabu mabegani. Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, na askari wa getini akaniambia, "Mama, pole na msiba." Nikamjibu msiba wa nani, huyo ni mtoto wetu ameiteremsha ndege!

Bosi wake, Kapteni Nurdini, mtu mrefu mwenye mvi, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Aliyetutua ni yeye. Mimi nilikuwa nimekaa tu." Nikampenda hapo hapo. Kisha akamgeukia Stela akamwambia awe amerudi mjini kabla jua halijazama. Sikuyatilia maanani maneno hayo, nilikuwa nimeshika begi lake na kutafuta gari.

Tulikuwa ndani ya Noah ya kukodi, vumbi la njia ya Ulyankulu limeshatugeuza wekundu, ndipo aliponiambia. Wanunuzi walikuwa wamebadilisha safari jana yake. Walikuwa wanaondoka kesho asubuhi, siyo Jumatatu.

"Kwa hiyo shangazi, leo sinywi."

"Hunywi nini?"

"Pombe. Rubani mwenye safari kesho asubuhi hagusi pombe leo. Hata tone."

Mawazo yangu yakatangulia Ulyankulu. Nilimuona Felisiani na koti lake la harusi, nikauona mtungi, nikaona kijiji kizima kimekaa kusubiri. Lakini mimi sikuzaliwa jana. Nikamwambia ni jambo dogo: atie mrija mdomoni, afumbe midomo, avute mashavu ndani. Nani atachungulia kwenye mrija? Akacheka. Nikaona anaelekea kukubali, nikamwongezea wazo zuri zaidi: tumwambie mama yake aweke mtungi mdogo wa togwa pembeni, tamu, haina kilevi, na baba yake ataona binti anavuta kwelikweli.

Akaacha kucheka. "Baba amekaa miaka minne hanywi kwa ajili yangu. Halafu mimi nije nimchezee mchezo siku moja?"

Nilikasirika. Nilimwambia Afrika Kusini imemharibu, nikamwambia kujua sana ni ugonjwa, nikamwambia huyo baba yake akidondoka kwa aibu atambeba na ndege yake. Kisha nikanuna mpaka tulipofika.

Tulipokelewa kwa ngoma. Esperansi aliutupa mwiko chini akakimbia na mikono yenye unga, akamkumbatia binti yake mpaka shati jeupe likapata alama za vidole mgongoni. Vigelegele vilipasua hewa. Wanawake walimshika mabega, wakaigusa ile mistari kama wanaopima kitambaa dukani. Felisiani hakukimbia. Alisimama mlangoni na koti lake, akangoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Kisha akasema kwa Kirundi, "Mwana wanje," mwanangu, akaanza kufunga vifungo vya koti vilivyokwisha kufungwa.

Aliyetuokoa ni mzee Anton. Huyu ni jirani, Mnyamwezi wa asili ya hapa, na utani wake hauna likizo. "Hebu nitazame hiyo miguu," alisema, akainama kukagua viatu vya Stela. "Babu zetu sisi walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani. Wewe umekwenda umekaa, umerudi umekaa. Hiyo nayo ni safari?"

"Safari ni kufika, babu," Stela akamjibu.

"Kufika! Mpagazi hakuambiwa amefika mpaka atue mzigo. Hata pombe hapewi, ataimwaga. Mzigo wako uko wapi?"

"Nimeuacha uwanja wa ndege. Una mapanga mawili."

Watu wakaangua kicheko, Anton akiwa wa kwanza. Tukaketi. Tulikula wali na kuku, na ugali wa muhogo kwa wale ambao bila ugali hawajala. Mimi sahani yangu niliwapa watoto, kwa maana mtungi ulikuwa umeshawekwa katikati ya uwanja, povu limejaa mdomoni.

Felisiani akainuka, akaingia jikoni. Alitoka na mrija wa Stela, mweusi kwa moshi, akiufuta taratibu kwa pindo la koti. Ngoma zikanyamaza. Akauingiza kwenye mtungi, akaweka na wake ubavuni, akamwita binti yake kwa mkono.

Stela alikwenda akapiga magoti. Hakunong'ona, na nilitamani anong'one. "Baba, nimerudi, na mrija wangu nimeuona, na nashukuru. Lakini leo siwezi kuvuta. Kesho asubuhi nina safari."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

"Kidogo tu," alisema Felisiani. "Kulowesha ulimi."

"Hata kulowesha, baba. Nina watu tisa nyuma yangu kesho. Wanalala leo wakijua mimi ni mzima."

Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mtoto amerudi na Uzungu. Mwingine akasema mrija uliokataliwa ni mkosi. Mimi, niliyenuna njia nzima, nikajikuta nimesimama niwatukane wote wawili, na wifi yangu akanivuta kitenge nikae. Felisiani hakuwasikia. Alikuwa anatazama paa la jiko. Nilijua anachokiona. Miaka yote hiyo alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, mrija wa pili kubaki pale juu, na sasa binti yake mwenyewe alikuwa anamwomba aurudishe. Nikamuonea huruma ambayo sijawahi kumuonea mtu.

Akayaondoa macho paani. Kisha akauliza, "Hao watu tisa, mirija yao iko kwenye paa la nani?"

Stela akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Iko mahali," kaka yangu akasema. "Kila mmoja ana mtu anayemngoja." Akamgeukia jirani yake. "Anton, ulisema mpagazi hapewi pombe mpaka afanye nini?"

"Mpaka atue mzigo."

"Basi huyu hajatua. Kuja amekuja, lakini hajafika." Akauchomoa mrija kwenye mtungi, akaukung'uta povu. "Mama Stela, nipe kigoda."

Tulimfuata sote jikoni, waliokosa nafasi wakachungulia mlangoni. Alipanda kigoda, na hakuurudisha mrija kule alikoutoa. Aliuchomeka ubavuni mwa mrija wa Eliasi, akautazama ule wa ndugu yetu uso kwa uso, akauondolea utando wa buibui kwa kidole. Alipoteremka alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, na Stela akamkumbatia kiunoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Sasa kaka, wewe kunywa," nikamwambia. "Umengoja vya kutosha."

"Baba wa rubani naye ana safari ya kungoja," akasema. "Nyinyi kunyweni. Mimi nileteeni soda."

Watu hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Mzee aliyesema habari za Uzungu alikuwa wa kwanza kutia mrija. Ngoma zikaanza upya, Stela akacheza na mistari yake ya dhahabu, Felisiani akacheza naye akiwa na chupa ya soda mkononi, na mzee Anton, aliyekunywa kwa niaba ya wapagazi wote wa Unyamwezi, akatangaza kwamba kesho yeye ndiye atakayeendesha ndege. Jua lilipoanza kushuka nilimng'oa binti yangu katikati ya wachezaji, tukarudi mjini. Ndani ya gari nilimwambia nilikosea kumwambia ameharibika. Akaniegemea akalala.

Asubuhi niliisikia ndege ikipita juu ya Cheyo nikiwa nafagia uwanja. Nikainua ufagio. Jirani akaniuliza nampungia nani, nikamwambia asubiri nimalize, ni habari ndefu.

Likizo yake ilitoka Krismasi. Wiki mbili nzima, hakuna ndege, hakuna wanunuzi. Mtama uliloweshwa mapema, mtungi ukawa mkubwa kuliko ule wa kwanza, na safari hii Felisiani alipotoka jikoni na mrija hakuna ngoma iliyonyamaza, kwa sababu wapigaji walikuwa wameshachoka na mambo ya kungojangoja. Stela alipiga magoti akavuta. Alivuta vizuri mwanzoni, kisha ikampalia, akakohoa mpaka mama yake akampiga mgongoni.

Kaka yangu alikuwa ameushika mrija wake, hajautia mdomoni bado. "Umefika?" akamuuliza.

"Nimefika, baba."

Ndipo akainama akavuta, na hakuinua kichwa mpaka Esperansi alipomgonga begani akimwambia na wengine wana mirija.